Ufunguo wa Mwenye Mashine

Binti yake Mama Msengi alinipigia simu mchana, nikiwa kazini, akaniambia mama amelala asubuhi na hakuamka. Hakulia. Aliniuliza tu kama ningeweza kufika, nikasema naweza, na sikufika kwa wakati. Kesho yake basi liliharibika kabla ya Kiomboi, tukakaa pembeni mwa barabara tukipigwa na upepo mpaka jua likageuka, na nilipoingia uani kwake walikuwa wameshatoka makaburini, wanawake wamekaa kwenye mikeka wakipakua wali. Nilisalimia, nikapewa pole, nikatoa pole, nikaonyeshwa pa kukaa. Baadaye binti yake alinipeleka ndani nikaweke mkoba, na bila kufikiri akanifungulia mlango wa chumba cha pembeni, kile chenye dirisha dogo linalotazama banda la kuku. Nilikaa kitandani humo peke yangu muda mrefu kuliko adabu ya msibani inavyoruhusu. Nililia kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala upande wa pili wa ukuta.

Nitaruka habari za kwetu Singida Mjini, za baba na duka na madrasa, maana hazina shida yoyote na hazihusiki. Mwaka ninaoukumbuka unaanzia kwenye chumba kile. Nilikuwa msichana aliyemaliza chuo juzi tu, nimeajiriwa na kampuni moja iliyokuwa ikitunza kompyuta za hospitali, na bosi wangu, kaka Edwin, alikuwa Dodoma. Mwaka mzima sikuwahi kumwona uso, nilimjua kwa sauti tu. Alinipanga kwenye hospitali ndogo katika kijiji kimoja ng'ambo ya Kinampanda, akaniahidi kwamba kuna nyumba ya mama mmoja mjane, msafi, hana maneno. Hilo la mwisho lilikuwa kweli kupita kiasi. Mama Msengi hakuwa na maneno kabisa. Alinionyesha chumba, ndoo, kona ya kuogea, akaniuliza kama nina shuka za kutosha, akaondoka. Kitanda cha mbao, meza iliyofunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, msumari mmoja wa kutundikia nguo. Ukuta kati yangu na jiko lake ulikuwa wa tofali moja, kwa hiyo nilisikia kila kitu: kuni zikivunjwa, mwiko ukigonga sufuria, yeye akiongea na majirani kwa Kinyiramba ambacho sikujua hata kukisalimia, na mara moja moja jina langu likipita katikati ya maneno yao na kunifanya nisimamishe kalamu.

Siku ile ya kwanza alinichinjia kuku. Naomba mtu wa mjini aelewe uzito wa jambo hilo: kuku yule hakuwa wa kununua sokoni, alikuwa tetea wake aliyekuwa akitaga. Aliniletea sinia, ugali wa uwele, mchuzi unanukia, akasimama mlangoni na kanga yake akisubiri nionje. Nami kwa ule ujinga wa heshima niliolelewa nao nikamuuliza, "Samahani mama, aliyechinja ni nani?"

"Baba Elia, jirani yangu hapo."

Baba Elia alikuwa mzee wa kanisa. Nilimwona akipita na Biblia yake kwapani siku ileile. Nikainamisha uso nikasema, "Nisamehe mama, sisi mpaka achinje Mwislamu mwenzetu."

"Hata," akasema. "Kosa langu, mwanangu. Ningeuliza." Akaichukua sinia, akarudi na bakuli la mlenda na ugali uleule, akaufunga mlango taratibu.

Tangu hapo utaratibu ukawa huo. Jioni alinigongea mlango, "Hodi mwanangu," nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, akaweka sinia juu ya meza: mlenda, maharage, mayai, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ilipokuwapo, nyama kamwe. Chakula kilikuwa kizuri. Sijawahi kula mlenda kama ule tena, mwepesi, wenye karanga. Lakini nilikula nikitazama ukuta. Mtu aliyezoea sinia moja ya watu sita, mikono ikigongana, mmoja akidokoa mnofu wa mwenzake, ukimpa sinia yake peke yake kila siku unamwadhibu, hata kama umeijaza vizuri. Nilianza kujiona kama mgonjwa wa kuambukiza. Nilitaka kitu kimoja tu mwaka ule, na ningekisema hata kwa mpita njia angeniuliza: nilitaka kula na mtu.

Kazini hapakuwa na nafuu. Chumba cha eksirei kilikuwa na mashine kubwa ya kupiga picha na kompyuta ya kuzipokea, na kati ya hivyo viwili palikuwa na kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Kadi ile ilihitaji draiva yake, kipande cha programu kinachoingia kwenye kiini cha mfumo na kuwa sehemu yake. Ndiyo maana kiini hakipokei kipande cha namna hiyo hivihivi. Kinataka kiwe kimetiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa mtu fulani, halafu kinatazama katika orodha yake ya funguo za wazi, zile pacha za funguo za siri, kama mtu huyo kinamtambua. Kikimtambua, karibu. Kisipomtambua, hata kipande kiwe kizuri namna gani, kinabaki nje. Hakuna anayekionja kwanza.

Mfumo ulipofanyiwa marekebisho mwezi wa tatu, kiini kipya kikaja, draiva ya zamani ikawa haikifai tena. Kaka Edwin akatengeneza nyingine Dodoma, akaitia sahihi ya kampuni, akanitumia. Niliiweka. Kompyuta ikanijibu kwa mstari mmoja kwamba ufunguo unaohitajika haupo. Nikarudia, ikanijibu vilevile.

Bwana Shila, mpiga picha wetu, alikuwa mtu wa miraba minne na mwenye haraka. Alikuwa na wagonjwa benchini. Mtu aliyeanguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe alikuwa ameshikilia bega lake tangu asubuhi, na kila aliyekosa picha kwetu alilazimika kupandishwa bodaboda hadi Kiomboi na mfupa wake uliovunjika, juu ya barabara ile.

"Dada Zuhura, si kuna mahali pa kuzima huo ukaguzi? Izime tu hiyo polisi, tufanye kazi."

"Kuna mahali. Lakini mganga mkuu amekataza."

Na alikuwa na sababu. Kabla sijafika, mtu alichomeka flashi yake ya miziki kwenye kompyuta ileile, ikaingia na balaa lililokula picha za wagonjwa wote. Mganga mkuu alisema ukaguzi hauzimwi, hata kama mashine italala. Shila alijua hayo yote. Alitaka tu mtu wa kumlaumu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Aliniita "dada wa mjini" mbele ya wagonjwa, wakacheka kidogo kwa adabu.

Kaka Edwin akanielekeza kwa simu. Ndani ya bodi, ubao mkuu wa kila kompyuta, kuna programu ndogo iliyochomwa humo kiwandani, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuamua ni mfumo upi uruhusiwe kuwaka. Nayo ina funguo zake inazoziamini. "Weka ufunguo wetu humo," alisema. "Bodi ikiuamini, kiini kitauamini. Hapa kwangu nimejaribu, imekubali." Nikaingia kwenye ile skrini ya bodi, nikauongeza ufunguo, nikauona kabisa umekaa pamoja na wenzake, nikawasha. Shila alikuwa amesimama nyuma yangu mikono kiunoni. Ufunguo unaohitajika haupo. Alitoka kwenda kuwaambia wagonjwa watafute bodaboda za Kiomboi.

Nilikuja kuelewa baadaye, na nakumbuka kwamba kuelewa kwenyewe kuliniuma. Kiini kilikuwa kikiziona funguo za bodi. Hakikuzikataa. Kilizipokea kikaziweka kwenye pete yake ya pembeni ya kutunzia funguo, kikazitumia kwa mambo mengine, lakini linapokuja suala la nani aingie ndani yake, kilitazama pete nyingine, ile ya wale kiliozaliwa nao. Kwenye kompyuta ya Dodoma waliotengeneza mfumo walikuwa wameiruhusu pete ya pembeni ihesabike. Kwenye yetu hawakuruhusu. Mtu alikuwa amedhaminiwa getini, akakaribishwa vizuri, akapewa kiti, na bado si wa humo ndani. Nilipoyasoma maelezo yale nilikuwa nimekaa kitandani na sinia pajani. Niliacha kula.

Jumapili iliyofuata Mama Msengi alirudi kanisani mapema. Nilisikia kuku akilia, halafu kimya, halafu harufu ya manyoya kwenye maji ya moto. Mchana alinigongea, na kwa mara ya kwanza alikuwa anatabasamu. Kwenye sinia palikuwa na kuku mzima, amekaangwa kwa mafuta ya alizeti.

"Leo kula mwanangu, usiwe na wasiwasi. Nimelifanyia kazi."

"Amechinja nani, mama?"

"Nimekwenda senta kwa Mzee Ramadhani, yule mwenye duka la chumvi. Mwislamu safi, na baba yake pia. Mwenyewe haachi duka, nimeazima kisu chake." Akakitoa kwenye kanga anionyeshe, kisu cha mpini mweusi, kimeoshwa. "Baba Elia amechinja kwa kisu hiki."

Alisimama pale na kisu mkononi akiniangalia. Alikuwa amefunga safari hadi senta juani, akamwomba mtu asiye rafiki yake kitu asichojua kukieleza, akarudi, akamtoa kuku wa pili kwa ajili ya mgeni yuleyule. Na mimi nikamweleza, taratibu iwezekanavyo, kwamba shauri si kisu. Ni mtu, na jina analolitaja. Tabasamu lilimtoka usoni. Akasema, "Basi mimi sijui tena," akachukua sinia, na safari hii aliufunga mlango haraka kidogo.

Nililia siku ile mpaka macho yakavimba. Halafu nikampigia kaka Edwin, nikamwomba anihamishe. Nilimwambia sina ninachokifanya pale, mashine imenishinda, watu hawanizoei, nami siwazoei. Akasema nafasi za mjini ni ngumu ila atanitafutia, nivumilie. Kisha, labda kwa kutaka kunibembeleza, akarudi kwenye mashine.

"Nimeshaona nilipokosea. Achana na ufunguo wa kampuni. Kila kiini kikibadilika utangoja mimi nitie sahihi huku, na mtandao wenu ndio huo. Tengeneza ufunguo wako mwenyewe. Jenga draiva hapohapo, uitie sahihi wewe."

"Na kiini kitanijuaje mimi?"

"Kuna pete ya funguo za mwenye mashine. Hiyo kinaiheshimu. Ila haiingizwi kwa mbali, hata mimi siwezi kutoka huku. Lazima mtu awe amekaa mbele ya mashine yenyewe inapowaka."

"Mimi si mwenye mashine, kaka Edwin. Ni ya hospitali."

"Mwenye mashine ni nani, kama si huyo anayekaa nayo?"

Siku iliyofuata nikatengeneza ufunguo na kuandika jina langu humo, Zuhura, na jina la kijiji. Nikaijenga draiva, nikaitia sahihi. Nikauomba mfumo uupokee ufunguo wangu, ukanitaka nichague neno la siri la kutumia mara moja tu. Halafu nikaizima kompyuta na kuiwasha. Ikatokea skrini ya bluu ambayo sikuwahi kuiona, inayomwambia aliyepo abonyeze chochote, na kungoja kidogo tu kabla haijaendelea na safari yake kama vile hakuna mtu. Nikabonyeza. Ikaniuliza kama kweli nataka kuuandikisha ufunguo huu. Nikasema ndiyo. Ikataka lile neno la siri. Mfumo ulipowaka draiva iliingia bila kelele, na kadi ikawasha taa yake ya kijani.

"Imekubali?" Shila aliuliza.

"Imekubali."

Akaenda mlangoni, akaita jina la kwanza benchini. Alikuwa bibi mmoja aliyevunjika kiwiko, tayari mwanawe alikuwa ameshamtafutia bodaboda ya Kiomboi. Picha ilipotokea kwenye skrini, mifupa yote na ule ufa mwembamba, Shila alipiga makofi mara moja kama mtu anayeua mbu. "Sasa dada wa mjini umekuwa mtu," akasema. Kwa Shila hiyo ilikuwa risala nzima.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa furaha ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Nilipita mlango wa chumba changu, nikaenda moja kwa moja jikoni, mahali nilipokuwa sijakanyaga tangu nifike. Mama Msengi alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta uwele. Alishtuka, akataka kuinuka.

"Kaa tu mama. Shikamoo. Mashine imepona."

Akaniuliza ilikuwa inaumwa nini. Nikachuchumaa karibu na mafiga nikamweleza yote, kiini na pete na sahihi, nikitafuta maneno, nikikosea, nikianza upya. Alisikiliza huku ungo wake ukiwa umesimama. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo kumbe nayo ilikuwa inauliza amechinja nani."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, mara ya kwanza nimsikie, kicheko kinene kisicholingana na mwili wake mdogo. Halafu akanitazama kwa makini.

"Na wewe mwenyewe huwezi kuchinja?"

"Kwetu wanachinja wanaume, mama."

"Imekatazwa?"

Nilifikiri. Ustadhi wetu aliwahi kutufundisha kwamba mwanamke akichinja vizuri na akataja jina la Mungu, nyama yake ni halali. Tuliandika, tukakariri, na hakuna msichana hata mmoja aliyewahi kushika kisu, kwa sababu siku zote palikuwa na kaka. "Haijakatazwa," nikasema.

Akainuka, akatoka. Nikasikia mabawa. Akarudi na jogoo mwekundu kwapani, na kile kisu cha Mzee Ramadhani, ambacho kwa aibu alikuwa hajakirudisha. "Mimi nitashika miguu," alisema. "Wewe fanya ya kwenu." Nikamwelekeza jogoo kibla, nikauliza mara mbili kama kisu ni kikali. Nikalitaja jina la Mungu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama Msengi alifumba macho. Damu ilinirukia mkononi, jogoo akapiga mateke, yeye hakumwachia.

Tulikula jikoni, sinia moja, tukifuta machozi ambayo kila mmoja aliyasingizia moshi. Aliniwekea firigisi upande wangu. Nilimuuliza, kwa nini siku zote ananipelekea chakula chumbani. Akasema nilipokataa siku ile ya kwanza alidhani sitaki kukaa karibu na vyombo vyake, na hakutaka kuniaibisha kwa kunilazimisha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa nakaa hapa hapa nasikiliza. Nikisikia umeanza kula, ndipo na mimi nakula."

Miezi yote ile. Tofali moja katikati yetu, kila mmoja na sinia yake, na tangu mumewe afe na watoto waondoke hakuwa na mtu wa kula naye zaidi ya ile sauti ya kijiko changu. Nilidhani upweke ni wangu peke yangu, kumbe kwake ulikuwa umehamia zamani.

Kutoka siku hiyo hakukuwa na sinia ya chumbani. Nilijifunza kupepeta uwele, vibaya, akanitania mbele ya majirani. Jumapili alipotoka kanisani nilikuwa nimeshamchinja kuku, naye akamwambia Baba Elia apumzike, kwamba yeye ana mtoto wake siku hizi. Kiini kilipobadilika tena nilijenga draiva upya na kuitia sahihi kabla Shila hajamaliza chai yake. Ilikuwa miezi michache, na sijawahi kuwa na mingine kama hiyo.

Kaka Edwin alipiga simu alizeti zikiwa zinavunwa. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyetimiza ahadi. "Zuhura, nimekupata mjini! Nyumbani kwenu kabisa. Imechukua muda, lakini nilipigania." Mtu wa kunipokea alikuwa ameshaajiriwa, kijana na mke wake, wamepangiwa nyumba ya hospitali. Nikamwambia siku hizi nimezoea. Akacheka, akasema ndiyo hivyo, mtu huzoea siku ya kuondoka. Nikaulizia kama inaweza kubatilishwa. Hakucheka tena. Alisema, kwa upole, kwamba mimi mwenyewe nilimlilia anihamishe.

Nilimwambia Mama Msengi jikoni, mchana, akichambua mlenda. Hakuuliza kwa nini. Aliendelea kuchambua majani, la kufaa huku, la kutupa kule, mpaka fungu likaisha. Nje kuku walikuwa wanaparura.

"Sasa kuku wangu," akasema, "nitamchinjisha kwa nani?"

"Baba Elia yupo, mama."

"Baba Elia yupo," akakubali, na akaanza kuyachambua upya majani aliyokwisha kuyachambua.